Nani Amhamie Nani

Foleni ya kupima presha pale zahanati ya Masasi ilikuwa imefika mlangoni, na Selestina, mjane mwenye wajukuu wa kuoa, alikuwa katikati yake kwa kitenge cha njano na hereni zinazoning'inia. Kuumwa ndiyo ufanane na mgonjwa? Nesi akamuuliza anaishi na nani.

"Na mbuzi wawili."

"Mama, wazee wenye wenza huishi miaka mingi kuliko wapweke."

Nyuma yake mzee mrefu mwenye koti la kaki akacheka. "Nesi, basi niandikie huyu. Kutwa mara tatu."

"Utaniweza?" Selestina akageuka. "Wa kwanza nilimmaliza."

"Mimi Mmakonde wa Newala, mama. Simaliziki haraka."

Jina lake Vitalis, mgane. Wakapeana namba, simu zikaanza.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula, ila bado nina njaa yako."

Wajukuu wakaziba masikio.

Siku moja Vitalis akapiga, furaha tele. "Kipenzi, nimekuezekea chumba, bati jipya! Njoo Newala."

Selestina akanuna. Kwa mila za wazee wa pande zote mbili, mume ndiye anayehamia kwa mke, jembe begani. Kumwita mwanamke aje ni kumwambia hana kwao.

"Nina kwangu, mzee. Mwenye shida ya mke ndiye anayehama."

"Na mikorosho yangu?"

"Ioe hiyo mikorosho!"

Akakata. Akasubiri apigiwe. Mvua zikaisha, simu kimya; naye kwa kiburi hakupiga, akawa anaichaji tu kila jioni.

Msimu wa korosho simu ikalia. Anjelina, binti wa Vitalis.

"Shikamoo mama. Baba ametutoka. Alianguka uani, na ndani hamna mtu wa kumsikia. Jirani amemkuta asubuhi."

Selestina alifika Newala kitenge kimegeuka ndani nje. Anjelina akamvuta pembeni, akanong'ona.

"Mikorosho alishamwachia kaka. Tumekuta godoro limefungwa kamba. Alikuwa anahamia kwako Jumamosi, mama, akutokee tu mlangoni."

Selestina akaingia chumba cha msiba, akajiketia kwenye mkeka wa wafiwa. Wanawake wakatazamana.

"Wewe mgeni, nani wa marehemu?"

"Mkewe."

"Mke gani? Ndoa ya lini hiyo?"

"Ya Jumamosi," akasema.

Anjelina akasogea, akampisha aegemee ukuta, pale anapokaa mjane.