Mbao za Guta la Baba

Kila Jumamosi asubuhi, kabla hata sijanywa chai, nilikuwa naosha guta la baba. Guta ni pikipiki ya magurudumu matatu yenye kasha la mizigo nyuma, na huku kwetu Iyula ndilo linalobeba kila kitu: mahindi, mbolea, saruji, na zaidi ya yote kahawa. Nilianza kuliosha nikiwa darasa la tatu. Nilijua kila mkwaruzo wake, na nilijiaminisha kwamba baba akitaka msaada wowote kuhusu guta lile ataniita mimi, Tabita, mtoto wake wa kumzaa.

Kisha akaja Tumpe.

Tumpe ni binti wa baba mdogo, ambaye ni fundi seremala kule Ileje. Aliletwa kwetu mwezi wa kwanza asome darasa la sita pamoja nami, kwa kuwa shule ya kwao ilikuwa mbali sana. Alikuwa mpole, hakuniudhi kwa lolote, na hilo ndilo lililoniudhi. Mama alimsifu kwa ugali usio na madonge. Mwalimu alimsifu kwa hesabu. Hata mbwa wetu alianza kumfuata yeye kisimani na kuniacha mimi. Nilikuwa nazihesabu sifa zake moja moja, kana kwamba kila aliyempa alikuwa amezitoa mfukoni mwangu.

Shule zilipofungwa mwezi wa sita, msimu wa kahawa ulikuwa umeshaanza kunukia, na sakafu ya guta ilikuwa imekwisha. Bati la chini lilikuwa limeliwa na kutu hadi likatoboka. Msimu uliopita tundu lile lilichana magunia, na kahawa mbivu ikawa inadondoka njia nzima kutoka mashambani hadi kwenye mtambo wa kumenyea. Wakulima walilalamika sana. Safari hii mwenyekiti wa chama chao, Mama Restuta, alitangaza kuwa Jumamosi atakagua maguta yote, na lenye sakafu mbovu halitabeba hata debe moja. Kazi ile ya msimu ndiyo iliyotununulia sare, madaftari na sabuni mwaka mzima, kwa hiyo nyumbani hapakuwa na mazungumzo mengine.

Alhamisi jioni baba aling'oa bati bovu. Mimi nilikuwa pembeni yake nimeshika spana. Alipomaliza aliinua kichwa, akanipita kwa macho, akaita, "Tumpe, mwanangu, njoo unipimie hapa. Wewe ni mtoto wa fundi."

Mwanangu. Mimi niliyeliosha guta miaka mitatu niliachiwa spana, na mgeni wa miezi mitano akaitwa mwanangu.

Futi ya baba ilikuwa imekatika, kwa hiyo Tumpe alipima kwa kamba ya katani. Alifunga fundo moja kuonyesha upana wa kasha, na fundo la pili kuonyesha urefu wake. Alipima mara mbili, midomo ikimchezacheza kwa kuhesabu. Baba aliichukua kamba ile, akanipa mimi. "Tabita, itunze. Kesho twende wote Vwawa."

Nadhani aliona nimenuna akataka kunibembeleza. Nikaona kama amenitupia makombo.

Kesho yake tulipanda gari hadi Vwawa, kwenye karakana ya Fundi Hezron, anayeuza sakafu za maguta na bajaji. Alituonyesha aina tatu. Kulikuwa na bati jipya lenye vinundu, linang'aa hadi unajiona uso. Kulikuwa na plaiwudi iliyopakwa rangi nyekundu. Na kulikuwa na mbao za mlingoti, yaani mkaratusi, nene, za kijivu, hazina urembo wowote.

"Tuchukue bati, baba," nilisema haraka. "Litapendeza. Watu wote watatuangalia."

Baba alikubali kwa kichwa, lakini akageuka. "Na wewe Tumpe, unasemaje?"

Tumpe aliinama, akaligonga bati kwa vidole. "Hili zuri, Baba mkubwa, ila maji ya kahawa yatalila kama yalivyolila lile la kwanza. Na hiyo plaiwudi, maji yakiingia pembeni itavimba na kubanduka. Baba yangu huwa anachukua mlingoti." Akanyanyua ubao mmoja, akaurudisha, akanyanyua mwingine. "Huu mzito kuliko mwenzake. Bado una maji ndani, tukiupigilia utapinda. Tuchague ule mkavu."

Fundi Hezron aliangua kicheko. "Huyu binti atanifungia biashara. Niliuweka huo mkavu chini makusudi, asiuone mtu."

Baba naye alicheka, akamshika Tumpe begani. Sikumbuki lini mara ya mwisho alicheka hivyo kwa jambo nililosema mimi. Walianza kuchagua mbao, wakizinyanyua pamoja, na hakuna aliyekumbuka kuwa nilikuwepo. Nilikwenda nyuma ya rundo la mabati, nikatoa kamba mfukoni. Sitasema nilipitiwa. Nilijua ninachofanya. Nililifungua fundo la pili, nikalifunga upya shubiri moja nyuma. Nilitaka baba aone kuwa mtoto wa fundi naye hukosea.

Fundi Hezron alikata mbao saba kwa kuifuata kamba ile. Tukarudi nazo Iyula mchana.

Baba alilaza ubao wa kwanza ndani ya kasha. Haukufika. Akalaza wa pili, nao haukufika. Mbele kulibaki uwazi wa shubiri nzima, unaweza kupitisha kichwa cha mtoto. Baba aliupima uwazi ule kwa kiganja, nyundo ikiwa mkono wa pili.

"Tumpe," alisema, "imekuwaje?"

"Sijui, Baba mkubwa. Nilipima mara mbili."

"Basi mara zote mbili ulikosea."

Tumpe aliinama, akaushika ubao wa kwanza. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Labda nilikosea. Nisamehe."

Mama alikuja akasema mtoto ni mtoto, asilaumiwe. Baba hakumlaumu zaidi, ila aliweka nyundo chini, akasema itabidi aende kwa Mama Restuta kumwambia kazi wampe mtu mwingine, kwa maana fedha ya mbao nyingine hakuna na ukaguzi ni kesho. Akaingia ndani kubadilisha shati.

Nilikuwa nimengojea kwa hamu kumwona Tumpe ameanguka. Sasa alikuwa ameanguka mbele yangu, na sikupata raha yoyote. Alikuwa amepiga magoti kando ya guta, anapima kasha kwa viganja, anakosea kuhesabu, anaanza upya. Mtu ambaye darasa zima humnakilia hesabu alikuwa haviamini tena vidole vyake mwenyewe.

"Tabita," alisema bila kuniangalia, "hata mimi ningekuwa wewe, ningekasirika. Nimewakosesha kazi."

Maneno hayo yalinishinda. Nilimfuata baba mlangoni. "Baba, Tumpe hakukosea. Fundo la urefu nililisogeza mimi, kule kwa fundi."

Aliacha kufunga vifungo vya shati. "Kwa nini?"

"Nilimwonea wivu. Ulimwita mwanangu, mimi ukaniachia spana."

Nilitegemea kofi. Badala yake alinishika mkono, akanipeleka hadi pale Tumpe alipokuwa. "Mwambie mwenyewe."

Nilimwambia, nikalia. Nilimwona amekasirika, na ilikuwa haki yake. Halafu uso wake ulibadilika, akasimama.

"Fundo la upana hukuligusa?"

"Sikuligusa."

"Basi kipimo changu ni sahihi." Akauchukua ubao mmoja, akaugeuza, akaulaza kukatiza kasha kutoka upande hadi upande. Ulizidi, haukupungua. "Baba mkubwa, tukizilaza kwa upana zinatosha. Tunazikata ncha tu." Akahesabu, na safari hii midomo haikukosea. "Ila zinatakiwa tisa. Tunazo saba."

Mbao mbili. Nilikuwa na meza ya kusomea, ndefu na nyembamba, baba alinitengenezea kwa mbao mbili za mlingoti nilipoingia darasa la tano. Hakuna kitu changu nilichokipenda kuliko meza ile. Niliingia ndani, nikaondoa vitabu, nikaiburuta hadi nje.

Baba aliitazama, akanitazama mimi. Hakuniambia niirudishe. Alichukua tindo, akang'oa misumari, nasi tukashikilia mbao mpaka kazi ikaisha kabla jua halijazama.

Jumamosi asubuhi Mama Restuta alifika akiwa amevaa mabuti ya mpira. Alipanda juu ya guta letu, akarukaruka mara tatu. Mbao hazikulia. Kisha akaziangalia vizuri. "Mbona zenu zimelazwa kwa upana? Wenzenu wote wamelaza kwa urefu."

Wakulima walikuwa wamesimama pale zaidi ya kumi. Baba alinigeukia mimi, akangoja.

"Zilikatwa fupi," nilisema. "Mimi ndiye niliyeharibu kipimo makusudi. Tumpe ndiye aliyetafuta njia ya kuziokoa."

Wapo walioguna. Mama Restuta alishuka taratibu, akapangusa mikono. "Sakafu ni imara. Kahawa ya upande wa mtoni mtabeba ninyi," akasema, akaenda kukagua guta lililofuata.

Baba alituita wote wawili, tukaketi kwenye ukingo wa kasha.

"Tabita, nilipomwita Tumpe mwanangu, sikukunyang'anya wewe jina hilo. Ila ni kweli nilikupita kama sikukuona, na hapo nilikosea. Ungeniambia umeumia, ningekusikia. Wivu ukiufungia moyoni hautulii, utatafuta kazi ya kufanya, nayo ni kuharibu. Ulimwona mwenzako anajua kitu usichokijua. Ungemwuliza, leo mngejua wawili. Umesema kweli mbele za watu na ninakushukuru. Lakini meza sitakutengenezea nyingine mwaka huu."

Likizo yote iliyobaki tulifanya mazoezi ya hesabu chini, mimi na Tumpe, tumelala kifudifudi juu ya mkeka mmoja. Nikikwama nilimwuliza, naye alinielekeza bila kuniringia.