Komeo la Doña Eulalia

Haya yalimpata rafiki yangu Maarten, Mholanzi aliyekuja kula Krismasi kwetu huku pwani ya Oaxaca. Alipanga nyumba ya marehemu Doña Eulalia. Bibi wa watu alitolewa humo anaumwa, na mpwawe mwenyewe, Rutilio, eti wageni wanalipa vizuri. Akafia chini ya turubai.

Jioni ile ilikuwa zamu ya nyumba hiyo kupokea posada, msafara wa nyimbo za Krismasi. Walio nje huimba wakiomba hifadhi, kama Yusufu na Mariamu. Walio ndani huimba kuwakataa, na ubeti wa mwisho ndipo mlango hufunguliwa.

“Wewe shika komeo tu,” nilimwambia Maarten alipotoka kununua mishumaa. “Kuimba ndani ni kazi ya jirani yetu Chayo, atakuja.”

Tulipokusanyika nje ya mlango, umeme ukakatika. Rutilio akaanza kuimba, sauti juu kuliko sote, hana hata haya. Kutoka ndani tukakataliwa na sauti moja ya kike, yenye mkwaruzo. Rutilio akanyamaza ghafla.

“Chayo leo ana mafua?” nikauliza.

“Mafua gani, dada?” Chayo akajibu ubavuni mwangu. “Mimi nimechelewa. Nani yuko ndani?”

Maarten anasema aliporudi na mishumaa akaingia ndani, alidhani ni Chayo, yuko chumba cha nyuma. Tulipofika ubeti wa kufunguliwa, akasikia kandambili zikiburuzwa gizani kuja mlangoni, na sauti ile ikikataa tena, sasa sikioni mwake. Akavuta komeo atufungulie. Mkono mkavu ukatua juu ya wake, ukalirudisha taratibu.