Nati za Kushoto za Gari la Hoyt Cagle

Saa tisa na dakika kumi alasiri, Jumamosi ya Septemba 1952, tairi la mbele kushoto la gari la Hoyt Cagle lilichomoka. Gari likabingirika mara nne kwenye udongo mwekundu wa uwanja wa mbio za magari wa Pell Creek, Karolina Kusini. Watu elfu mbili walishangilia kabla hawajaelewa. Naibu sherifu Luther Baskin alipofika, alikuta kichwa cha Hoyt kimetazama mgongoni.

Saa kumi walishapata wa kuchinja. Dewey Stroud, mpinzani wa Hoyt wa kila wiki, alionekana saa nane amechuchumaa upande wa kushoto wa gari la marehemu, spana mkononi. Luther akamfungia bandani. Nje watu wakadai wapewe, na mbele yao alisimama Bibi Arvella Cagle, mama wa marehemu, macho makavu.

Luther akaliburuta lile gari mpaka bandani, akamtupia Dewey spana.

"Nionyeshe ulichofanya."

Dewey akaitia spana kwenye nati ya tairi la nyuma kushoto, akavuta kushoto, kama fundi yeyote anayefungua. Haikutikisika.

"Nilitaka limchomoke aaibike tu, afande. Nati zikagoma, bolti moja ikakatika, nikatoka mbio."

"We bwege una bahati yako." Luther alikuwa anacheka, lakini si kwa wema. "Hili ni Corliss. Nati za kushoto kiwandani wamezigeuza, zinafunguka kwa kulia. Ulikuwa unamkazia."

Na sheria ya mbio ilikuwa gari likimbie kama lilivyotoka dukani, kwa hiyo hakuna aliyezibadilisha. Corliss lilikuwa moja tu uwanja mzima. Pale mbele bolti zote tano zilikuwepo, hakuna iliyokatika. Aliyezifungua nati zake alijua zinazungukia wapi.

Luther akamwita Lonnie Cagle, mdogo wa marehemu na fundi wake.

"Pole sana, Lonnie. Ulipitia nati kabla ya mbio?"

"Saa tisa kasorobo. Tairi zote nne, kwa mkono wangu huu."

"Zilikuwa sawa?"

"Zote nzima, zimekaza. Nakuapia."

"Ile bolti ya nyuma Dewey aliikata saa nane. Spana yako ilishika nini pale, hewa?"

Lonnie akaitazama ile bolti.

"Hukupita nyuma kabisa," Luther akasema. "Ulikwenda mbele, ukafungua, ukaondoka. Hili gari lina watu wawili wanaolijua, na mmoja ndiye yule chini ya turubai."

"Nilikula maharage ya jela miaka miwili kwa gongo yake, pombe ya magendo," Lonnie akasema taratibu. "Wewe ndiye uliyetukamata, Luther. Nani alikuwa ameshika usukani?"

Luther alikuwa anajua ni Hoyt aliyeliendesha lile gari la gongo. Hoyt alikuwa na mbio kesho yake, na wilaya nzima ilitaka ashinde. Mama yao akasema, mchukue Lonnie. Akamchukua.

"Hoyt aliniapia nikitoka, usukani ni wangu. Nikatoka, akanipa spana. Jana mkubwa wa kiwanda cha Corliss amekuja kutupa gari jipya, akauliza na huyu naye anaendesha? Hoyt akasema, huyu? Huyu mfungwa tu. Wakacheka wote. Na mimi nikacheka."

Luther akatoka nje, akamvuta Bibi Arvella pembeni.

"Si Dewey, mama. Ni Lonnie."

Mama hakupiga kelele. Alimshika mkono, kucha zikamwingia.

"Dewey unaye. Spana alikuwa nayo, watu wamemwona. Mpe huyo."

"Hakuua."

"Na mara ile Lonnie hakuendesha. Ulijua, ukamfunga, na Jumapili ukaja kwangu kula kuku. Usinimalizie wote siku moja, Luther. Niachie huyu."

Luther akaubandua ule mkono kidole kimoja kimoja. Aliona aibu, na aibu ile ikamfanya awe mkali. Akarudi bandani, akamtia Lonnie pingu, akazibana kuliko ilivyohitajika.

"Mama amesemaje?" Lonnie akauliza.

Luther angeweza kumdanganya.

"Amesema nimfunge Dewey, nikuachie wewe."

Lonnie akatazama mlangoni. Nje watu walikuwa bado wanaliita jina la Dewey.

"Kumbe mama alikuwa anaweza kunichagua mimi," akasema.