Ukigusa, Umecheza

Kiganja kilisogea kabla Dunja hajashika kipanya.

Kilikuwa kiganja kidogo cheupe, kimechorwa ndani ya kioo cha televisheni, hakizidi harage kwa ukubwa. Kazi yake ilikuwa kufuata kipanya kila kilipoburutwa juu ya meza. Unakipeleka juu ya kete ya sataranji, unabofya, kinaiinua. Unakipeleka kwenye mraba mwingine, unabofya, kinaiweka. Mjomba Ognjen ndiye aliyeileta kompyuta ile kutoka Stuttgart, ameificha chini ya kahawa na chokoleti ili watu wa forodha wasiione. Tangu aiunganishe sebuleni kwa dada yake Vidosava, mama yake Dunja, pale ghorofa ya tatu mjini Zrenjanin, majirani walikuwa wakipishana mlangoni kuja kuitazama kama wanaokuja kuona mtoto mchanga.

"Mjomba, kinatembea chenyewe," alisema Dunja.

"Meza imeinama," akajibu Ognjen, mdomo umejaa keki ya jozi. "Wewe cheza, acha maneno."

Dunja akacheza. Akambofya farasi, kiganja kikamwinua. Akaghairi, akamrudisha mahali pake. Hapo hapo akapiga yowe na kuvuta mkono. Juu ya vifundo vya vidole vyake palikuwa na mstari mwekundu unaovimba, na sebuleni mle, ambamo hakuna aliyevuta chochote tangu mwezi wa nne, mlijaa harufu ya tumbaku ya kiko.

Vidosava alikuwa jikoni anakata tambi za supu. Harufu ilipomfikia hakuogopa. Alikasirika, kwa sababu aliijua harufu ile tangu hajajua kusoma. Ilikuwa ya baba yake, na baba yake alikuwa kaburini.

Mtu akifa, watu humvika wema kama wanavyomvika suti. Mzee Gvozden alipozikwa, chama kizima cha sataranji kilisimama kaburini na kusema alikuwa mwalimu mwenye subira. Subira gani? Kila Jumapili kabla ya chakula cha mchana alimketisha binti yake mbele ya ubao, na kila mtoto alipogusa kete kisha akataka kuiacha acheze nyingine, kiko kilimshukia juu ya vifundo. "Ukigusa, umecheza!" Ni sheria ya mchezo, kweli, na kila anayekwenda mashindanoni anaifuata. Lakini mzee yule aliitoa ubaoni akaitembeza nyumba nzima. Umegusa kipande cha mkate, ndicho chako, hata kama kimeungua. Umegusa viatu dukani, ndivyo hivyo hivyo, hata kama vinabana. Na Vidosava aliporudi kwao uso umevimba kwa kipigo cha mume, mzee alisafisha kiko chake bila kumtazama, akasema, "Ulimgusa mwenyewe. Umecheza." Vidosava alimwacha mume yule hata hivyo, lakini maneno hayo hajayasamehe mpaka leo.

"Ognjen, umevuta humu ndani?" aliuliza kutoka mlangoni.

"Naapa kwa kaburi la mama, dada."

"Basi zima huo mtambo wako. Na wewe Dunja, nisikuone karibu nao."

Lakini mtoto ni mtoto. Siku ya tatu Vidosava alitoka kazini kiwanda cha sukari saa tisa mchana, ukungu wa Januari umeziba madirisha yote ya mtaa. Alipofungua mlango akasikia kipanya kinavyokwaruza meza, taratibu, kinasimama, kinakwaruza tena, kama mtu anayefikiri. Akaita. Akaingia sebuleni na koti lake mwilini, akamkuta Dunja ameketi wima mbele ya kioo, mkono wa kushoto juu ya paja na wa kulia umefumbwa kifuani, ngumi nyeupe kwa jinsi ilivyokazwa, wala hakuna aliyeshika kipanya kile kilichokuwa kinatambaa mezani kikiuvuta waya wake, huku ndani ya kioo kiganja kidogo kikielea juu ya ngome, kinashuka kuigusa, kinarudi nyuma, kinashuka tena.

"Mama, haufunguki," Dunja alinong'ona.

"Nini hakifunguki, mwanangu?"

"Mkono. Nimefinya kitu, lakini hamna kitu ndani."

Vidosava alichomoa waya ukutani. Kioo kilichukua muda kufifia.

Daktari alisema ni mishipa, akaandika dawa ya kutuliza. Mtoto akanywa dawa, akalala, akaamka na ngumi ile ile. Kucha zilianza kuingia nyamani. Hakuweza kushika kijiko wala kalamu, na kila jaribio la kumnyoosha kidole kimoja lilimtoa kilio cha kupasua moyo. Ndipo Ognjen, ambaye alikuwa akijisifu kwamba Ujerumani imemwondolea ushirikina, akateremka mwenyewe ghorofa ya kwanza kumwita Bibi Persida, mwagaji wa risasi, anayeyeyusha madini hayo na kuyamwaga majini ili kuona kilichomshika mgonjwa.

Bibi Persida alipanda ngazi akihema na kulaani lifti. Aliyeyusha vipande vya risasi kwenye upawa juu ya jiko, akamfunika Dunja shuka jekundu kichwani, akashika sufuria ya maji juu yake na kuimimina risasi humo. Maji yalilia kama paka aliyekanyagwa. Bibi akaingiza mkono, akatoa kidonge cha risasi kilichoganda, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

Kilikuwa ngome. Ngome kamili ya sataranji, mpaka meno ya ukuta juu yake yalionekana.

"Marehemu wenu alikufa ameshika nini?" aliuliza.

Ognjen ndiye aliyejibu. "Alikufa mezani, Bibi. Alikuwa anacheza na dada. Kichwa kilimwangukia ubaoni. Mkononi alikuwa na ngome, nikamfungua kidole kimoja kimoja. Kete zote tukamwekea kwenye jeneza, kama desturi."

"Na mchezo?"

"Mchezo upi tena? Mtu amekufa!"

"Mpumbavu mkubwa we. Sikuulizi wewe." Bibi akamgeukia Vidosava. "Mchezo ulikuwaje, binti?"

Vidosava alikitazama kile kidonge. Jambo lile hakuwahi kulitamka. "Nilikuwa nimemshinda," alisema. "Aliinua ngome kwa pupa, halafu akaona. Akiicheza ngome ile popote, farasi wangu anaingia, mfalme hana pa kukimbilia. Aliiona, Bibi. Akaishikilia tu. Hakutaka kuiweka. Akawa mwekundu, akawa wa zambarau, akafa. Alikufa ili asishindwe na mimi!"

"Hajafa bado, ndiyo shida yenyewe," alisema Bibi Persida. "Amegusa na hajacheza. Mtu wa sheria namna ile atalala wapi? Anatafuta mkono wa kumtoa humo, na ameupata wa mtoto. Kamalize mchezo wenu. Na dawa yangu ni hiyo tu, nyingine sina."

Waliwasha mtambo. Ognjen alibaki jikoni amempakata Dunja, na Bibi Persida akasimama mlangoni na kidonge chake. Vidosava akazipanga kete kwenye kioo moja baada ya nyingine, kila moja mraba wake, kwani mchezo ule alikuwa anauota. Alipoweka ya mwisho, kipanya kikapoa ghafla chini ya kiganja chake, akakiachia.

Kikaanza kutembea. Kiganja kikaenda kwa malkia, kikarudi. Kikaenda kwa mfalme, kikarudi. Harufu ya tumbaku ikashuka nzito mpaka macho yakawasha, na Vidosava akahisi nyuma ya kiti chake mtu anayepumua kwa pua kama alivyopumua mzee yule alipokuwa anasubiri akosee, akahisi kiko kikiinuliwa juu ya vifundo vyake, na mikono yake yenyewe, mikono ya mwanamke mzima anayenyanyua magunia ya sukari, ikaanza kujivuta kurudi mapajani kama ya mtoto wa miaka sita, na kutoka jikoni Dunja akalia kwamba mkono unabana, mama unabana, na hapo hofu yote iliyokuwa imemjaa Vidosava kwa maisha yake yote ikageuka ikawa hasira, hasira safi isiyo na tone la huruma, akasimama akaupiga ubao wa meza kwa ngumi mbili.

"Umeigusa, Baba! Nilikuona mimi! Umeigusa ngome, iweke!"

Kipanya kikasimama.

"Mwizi we! Miaka yote umenivunja vidole kwa sheria yako, leo inakuuma wewe? Ukigusa nini, Baba? Sema! Ukigusa nini?"

Kutoka kwenye kioo, au nyuma ya kiti, au ndani ya kuta, ikatoka sauti kavu ya mzee.

"Umecheza."

Kiganja kikashuka juu ya ngome. Kikaiinua. Ikatetemeka hewani, kisha ikawekwa. Vidosava akakamata kipanya kilicho baridi kama chuma cha nje, akamwingiza farasi wake, akabofya kwa nguvu mpaka kitufe kikalia. Na mfalme wa mzee Gvozden akalala chali kwenye kioo, kama mchezaji anavyomlaza anapokubali ameshindwa, ingawa programu ile haikuwa na uwezo wa kumlaza mfalme.

Jikoni Ognjen alipiga kelele. Mkono wa Dunja ulikuwa umefunguka, umelala pajani kwa mjomba wake, na alama nne za kucha katikati ya kiganja.

Kompyuta waliitupa katika mto Begej siku hiyo hiyo, na Ognjen hakuthubutu hata kuulizia bei yake. Risasi ile Bibi Persida aliizika njiapanda. Harufu ikaondoka na madirisha yakafunguliwa. Dunja alianza tena kuandika, na kwa mara ya kwanza tangu msiba walicheka ndani ya nyumba ile.

Jumapili waliketi mezani, supu inafuka moshi, kabichi lililofungwa nyama linasubiri jikoni. Ognjen alikuwa anasimulia kichekesho cha Mbosnia aliyekwenda kununua gari, na Vidosava anacheka kuliko wote. Dunja akanyoosha mkono wake uliopona kwenye sahani ya mkate. Akachukua kipande, akaona kimeungua pembeni, akakirudisha achukue kingine.

Kijiko kilimshukia juu ya vifundo.

Vidosava alikitazama kijiko, na mkono wake mwenyewe uliokishika; hakukumbuka kukiinua. Alitaka kusema samahani mwanangu. Alifungua kinywa, na harufu ya tumbaku ikatoka ndani yake mwenyewe.

"Ukigusa, umecheza," alisema.

Dunja hakulia. Alichukua kile kipande kilichoungua, akakiweka kwenye sahani yake, akainamisha kichwa.

"Ndiyo, Babu," alisema.