Ghorofa ya Tisa, Mlango wa Mwisho

Kituo cha treni cha Kipling, jijini Toronto, kilikuwa kimefurika watu waliotoka kazini siku Thobias alipokutana na Nkatha. Stendi ya kamera ilimwangukia kiatuni, na msichana aliyevaa koti jekundu akainama kuiokota, simu bado ikiwa sikioni, akiongea na mama yake Kiswahili cha kubabaisha.

"Umenivunja kidole, dada," Thobias alisema akitabasamu.

"Pole sana. Nimekuumiza kweli?"

"Kidogo. Ila pole yako ni dawa."

Wakapanda basi moja la kwenda mtaa wa Rexdale. Nkatha alikuwa mpiga picha, mzaliwa wa hapo hapo Toronto. Kule Meru, Kenya, kwa wazazi wake wanamwita Mkanada. Huku watu humuuliza ametoka wapi. Kwa hiyo alikuwa akilipiga picha jengo alilokulia, labda angejijua. Lakini aliishia nje tu, maana nyumba yao sasa ilikuwa na mtu mwingine.

Akamwonyesha picha moja, na Thobias akalitambua jengo. "Ghorofa ya ngapi?"

"Ya tisa, mlango wa mwisho."

Thobias akacheka. "Basi huyo mtu ndiye mimi."

Nkatha akamshika mkono, hakuuachia mpaka waliposhuka.

Toka hapo alikuja kila Jumamosi, gauni la njano, kitambaa kichwani, akinukia mafuta ya nazi. Thobias, aliyefanya kazi ghalani karibu na uwanja wa ndege, alimpikia ndizi kwa nyama. Nkatha alipiga picha dirisha, maegesho yaliyofunikwa na theluji, na ndege zikishuka nyuma ya paa za viwanda.

"Mpenzi, toa hili pazia. Letu lilikuwa la kijani."

Thobias akalitoa. Akasogeza kochi. Akateremsha hata picha ya marehemu mama yake, kwa kuwa hapo ndipo ilipokuwa saa ya kina Nkatha.

"Nimekupatia wifi," Thobias alimwambia dada yake Adelina kwa simu.

"Anakupenda?"

"Haondoki hapa."

Siku ya maonyesho ya picha za Nkatha, Thobias alivaa suti mpya. Alizunguka ukumbi mzima akiitazama nyumba yake pichani, ndani hamna kitu chake hata kimoja. Mwisho akajiona mwenyewe, kalala kwenye kochi, kageuza mgongo. Chini yake paliandikwa: *Mgeni, chumba cha baba*.

"Mimi ni mgeni, Nkatha?"

"Usichukulie hivyo, mpenzi. Pale si wewe. Ni mtu yeyote aliyekuja baada yetu."

Akawageukia waliomngoja kumpongeza.

Kwa wiki kadhaa Thobias hakupokea simu zake. Theluji ilipoyeyuka, Nkatha akaja mwenyewe, macho mekundu.

"Nisamehe. Silali kwa kukuwaza."

Hasira zikamwisha pale pale mlangoni. Wakala, wakataniana, wakakumbatiana kama zamani.

"Nataka kukuoa," Thobias akasema. "Tuhamie Downsview, tuanze upya kwetu wenyewe."

Nkatha akainua macho. Akatazama dari, akatazama dirisha.

"Na nyumba hii ataichukua nani?"

Thobias akainuka, akakusanya sahani.

Mwisho wa mwezi alihama peke yake. Nkatha alikuja kumsaidia kubeba maboksi, kwa kuwa mkataba wa kupanga nyumba ile sasa ulikuwa wake. Akambusu shavuni kwa upole, kisha akainua kamera na kumwomba asogee kando kidogo, maana jua lilikuwa linaingia vizuri.