Mwanamke wa Kwenye Vijipicha

Mteja alipoondoka, mpiga picha alifungua picha yake akakuta kiti kitupu. Stuli ilikuwepo, pazia la buluu lilikuwepo; aliyekaa ndiye hakuwepo. Akaifunga. Kwenye folda, pale picha zinapojipanga ndogo ndogo kama stempu, yule mteja, mwanamke, alikuwa ameketi vizuri, mikono magotini.

"Kompyuta imezeeka kama mwenye nayo," alijisemea, akaifuta picha ile. Lakini alipojaribu kuikumbuka sura ya mteja, hakuipata. Alichokumbuka ni harufu tu, ya nywele zilizoungua.

Mpiga picha huyo alikuwa mjane. Studio ile ya chumba kimoja ndiyo iliyomlisha yeye na bintiye wa pekee, waliyemwita Kidoti kwa alama nyeusi shavuni. Mtoto akitoka shule alishinda humo, akichora nyuma ya karatasi zilizoharibika kwenye printa. Mchana huo mama alimpiga picha ya kitambulisho cha shule. Picha kubwa ilitoka safi. Ile ndogo ilionyesha mkono wa mtu mzima begani mwa mtoto.

Akaifuta, akapiga nyingine. Safari hii mwanamke alisimama nyuma ya mtoto, ameinama kama anayemnong'oneza.

Tangu hapo Kidoti hakula, kisha hakusema. Alikaa akitazama kona isiyo na kitu, akicheka kidogo, halafu akinyamaza kama mtu anayesikiliza jibu. Hospitali walimpima damu, wakampima mkojo, wakamrudisha na dawa za homa ambayo hakuwa nayo. Uso wake ulizidi kufifia, kama picha iliyoachwa juani.

Mama akamwita shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, fundi wa kompyuta asiyeamini kitu kisicho na waya.

"Usiogope, shemeji," alisema akivuta kiti. "Kompyuta hujitengenezea faili la siri kwenye kila folda. Humo huhifadhi vijipicha, ili kesho isihangaike kuvitengeneza upya. Wewe umefuta picha, kijipicha kimebaki. Ni masalia tu."

"Masalia hayasogei, shemeji."

Fundi akavuta kibodi. Akaiamuru kompyuta ionyeshe yaliyofichwa, na faili likajitokeza, limepauka. Akalifuta. Alipofungua folda, limerudi. Akafuta tena, likarudi tena, na kwenye kijipicha mwanamke sasa alikuwa amempakata Kidoti. Mwishowe kompyuta ikagoma: faili haliwezi kufutwa, ikaandika, kwa sababu linatumika.

"Linatumika na nani?" mama akanong'ona.

"Hapa huwa... huwa inaandika jina la programu." Fundi alionyesha kioo kwa kidole. Mahali pa jina palikuwa patupu.

Nyuma yao stuli ikalia, kwii, kama inavyolia mtu mzito anapokaa. Kidoti alikuwa mapajani mwa mama yake. Hakuna aliyegeuka.

"Shemeji," fundi alisema kwa sauti ndogo, "mtafute mganga."

Mganga alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani na miguu iliyovimba, akaingia akilaani ngazi. Hakuwasha kitu wala kumwaga kitu. Alinusa hewa, akamtazama mtoto, akaitazama kompyuta.

"Jini hakai pasipo na nyumba," alisema. "Mnabomoa, na mashine yenu inamjengea upya. Baba, huwezi kuikataza kujenga?"

"Naweza. Kuna mahali pa kuizuia isitengeneze vijipicha kabisa."

"Sasa ulikuwa unabomoa nini, na mjenzi yupo kazini?"

Fundi akainamisha kichwa, akashika mausi.

"Ngoja!" Mganga alimdaka mkono. "Ukifunga mlango sasa, mtoto atabaki ndani naye. Kwanza amwachie. Na huyu hatoki mikono mitupu. Hana sura, sura ndiyo aliyoifuata kwenu."

Mama hakuuliza zaidi. Alimlaza Kidoti kwenye mkeka, akaenda kwenye ile stuli, akaikuta ina baridi ya chuma ingawa ilikuwa ya mbao, akakaa, na alipokaa harufu ya nywele zilizoungua ikampanda puani mpaka machozi yakamtoka, na feni ya kompyuta ikaanza kuvuma kwa vipande, ikivuta pumzi na kuitoa kama kifua cha mtu aliyekimbia, na kitu kisichoonekana kikamshika kidevu taratibu, kikamgeuza uso kulia, kikamgeuza kushoto, kama mnunuzi anayechagua.

"Chukua sura yangu," alisema huku meno yakigongana. "Chukua, niachie mwanangu. Piga, shemeji!"

Fundi akadaka kamera, taa ikamulika. Akaihamishia picha kwenye kompyuta. Kwenye kijipicha cha Kidoti, mtoto alikuwa peke yake. Kwenye kile kipya, mwanamke alisimama mbele ya mama, mikono yote miwili ikiwa imeushika uso wake.

"Sasa!" mganga alifoka.

Fundi akaweka katazo, akafunga folda, akalifuta faili. Akafungua tena. Halikurudi. Badala ya vijipicha kulikuwa na alama tupu, zote sawa, na majina chini yake. Feni ikatulia. Harufu ikatoka kama mtu aliyefungua mlango akaenda zake.

Kwenye mkeka Kidoti alikohoa. "Baba mdogo," aliita, "naomba maji."

Mama alimrukia, akamkumbatia huku akilia. Mtoto akapiga kelele, akamsukuma, akamkimbilia baba yake mdogo.

"Nani huyu?"

"Ni mimi, mwanangu. Mimi mama."

Kwa kusikia sauti ile mtoto alinyamaza. Akazungusha macho chumba kizima, chini ya meza, nyuma ya pazia, akimtafuta aliyesema. Mganga alivua miwani yake.

"Ulimwahidi sura ulipomwambia achukue," alisema polepole. "Machoni pa mtoto wako ameichukua. Sauti hukumpa. Ishike hiyo."

Wengine wote wanamjua: wateja, majirani, shemeji yake. Kidoti amepona, anakula, anakwenda shule, na nyumbani anazungumza na mama yake akiwa amempa kisogo. Akitaka kukumbatiwa, hufumba macho kwanza.