Kizibao Kilicholegezwa

Ngo, ngo, ngo!

"Hodi wenyewe!"

Darasa zima likaangua kicheko. Kiroboto hakuhitaji kugeuka ili amjue aliyekuwa akimgonga mgongoni kama mlango. Alikuwa yule mvulana mrefu wa dawati la nyuma, bingwa wa utani.

"Mwenyewe yumo," Kiroboto akajibu, "ila hafungulii wajinga."

Safari hii kicheko kilimgeukia mvulana.

Kiroboto alipewa jina hilo nyumbani kwa sababu tangu utotoni hakujua kutulia. Ndani ya sare yake alivaa kizibao kigumu cha plastiki, kilichofungwa kwa mikanda. Uti wake wa mgongo ulikuwa umepinda, na kizibao kiliwekwa ili usizidi kupinda wakati bado anakua. Utani wa wenzake aliumudu. Kilichomshinda ni kubanwa.

"Mama, kitu hiki kinanikaba kama nimeiba!" alilalamika kila arudipo kutoka shuleni.

Mama yake alikuwa fundi cherehani, na kwake yeye nguo ikibana dawa ni moja tu: kufumua na kuachia. Siku moja machozi ya binti yake yakamzidi nguvu.

"Lete hapa, mwanangu. Wateja wakinenepa nawaachia nguo, sembuse wewe?"

Akaifumua mikanda, akaishona upya mbele kidogo kwa uzi wa rangi ileile. Kiroboto akakivaa, akavuta pumzi, akaruka.

"Sasa ndiyo nguo!"

"Haya, lakini yabaki humu humu ndani," mama akasema.

Siku ya kliniki ilipofika, daktari wa mifupa alimwinamisha Kiroboto, akampitishia kidole mgongoni. Kisha akazitundika picha mbili za eksirei kwenye ubao wa taa, ya zamani na mpya. Hata mtoto mdogo angeona: mgongo ulikuwa umezidi kupinda.

"Binti, kizibao unakivaa?"

"Nakivaa, daktari. Hata nikilala."

Daktari akakigeuza kizibao mikononi. "Na mikanda hii? Nani ameigusa?"

Mama akadakia. "Ilikatika, daktari. Nikaishona palepale ilipokuwa."

"Basi kizibao kimeshindwa kazi," daktari akasema taratibu, akichukua kalamu. "Itabidi tuanze kuzungumzia upasuaji."

Kiroboto akahisi masikio yanawaka moto. Akamtazama mama yake, ambaye sasa alikuwa akisokota ncha ya kitambaa chake. Kumuumbua mama mbele ya mtu! Lakini kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi.

"Hakijashindwa!" akapaza sauti. "Tumekilegeza! Mama, nisamehe, lakini sikubali kupasuliwa mgongo kwa ajili ya uongo. Daktari, mimi ndiye niliyelia mpaka akakiachia."

Mama akafuta macho. "Ni kweli, daktari. Nilimwonea huruma."

Daktari akaiweka kalamu chini.

"Mama, nguo huufuata mwili. Hiki kinauongoza mwili. Kikikaza, ndipo kinapofanya kazi. Kikimchubua ngozi, njooni. Fundi wetu yupo chumba cha pili, atakirekebisha. Nawe binti, ulimi wako ni mkali, lakini leo umeniokoa. Ningetibu kosa lisilokuwapo. Mgonjwa anayemficha daktari humfunga macho mtu anayemtegemea amwonee njia."

Fundi akairudisha mikanda mahali pake. Miezi iliyofuata haikuwa lelemama. Kiroboto alifanya mazoezi ya mgongo sakafuni huku akinung'unika, akalala kwa shida, akaamka akiwa na hasira. Lakini kizibao hakikulegezwa.

Waliporudi kliniki, daktari alizitazama picha kwa muda mrefu, hadi Kiroboto akakosa subira.

"Sema tu, daktari! Mimi si yai."

Daktari akacheka. "Mgongo umesimama palepale. Haujazidi hata kidogo."

"Kwa hiyo nakivua?"

"Thubutu! Bado unakua."

Walipotokea ukumbini, palipojaa wagonjwa wakisubiri zamu, mama akamshika bega.

"Kinakuuma, mwanangu?"

"Kinaniuma, mama. Sitakudanganya." Kisha akasimama wima, akasema kwa sauti iliyowageuza watu wote kwenye viti: "Kikinichubua, nitakwambia, tutakuja hapa kwa fundi. Lakini nakuahidi mbele ya hawa wote: hata nikilia machozi ya damu, sitakuomba tena unilegezee!"